Finjani Iliyowekwa Chini

Thuwaini alikuwa mtu wa maneno machache, na anayedhani hiyo ni sifa hajapata kuishi naye. Kaltham mkewe ameishi naye mjini Nizwa tangu walipooana, na ana yakini kwamba nyumba ikishika moto mumewe atatafuta ndoo kimya kimya, asiite hata jirani. Akipunjwa sokoni hasemi. Daktari akimuuliza wapi panauma, hujibu kwamba hapaumi sana. Hata Kaltham mwenyewe hakuombwa na Thuwaini. Siku ya kuposa alikwenda kwa baba mkwe amevaa kanzu mpya, akaketi, akaikodolea macho miguu yake mwenyewe, mpaka rafiki aliyemsindikiza akachoka kungoja na kumsemea.

Rafiki huyo ni Marzouq wa Ibra. Wakati huo walikuwa vijana watatu, wote wamezaliwa Unguja na Pemba na kuletwa Omani wangali wadogo, wakiajiriwa ofisi moja Maskati na kulala chumba kimoja. Thuwaini alikuwa mpishi, Marzouq alikuwa msemaji, na wa tatu, Aflah, mtu wa Sur, alikuwa akileta samaki kila anaporudi kwao. Sasa wote wamestaafu na wana mvi, lakini kisa cha posa ile hakijastaafu. Marzouq hukihadithia kila harusi, na kila akikihadithia kinarefuka. Safari ya mwisho Thuwaini alisikia kwamba alikuwa akilia, jambo ambalo si kweli hata kidogo, lakini kulikanusha kulihitaji maneno.

Mwaka huu mambo yakamrudia. Mwanawe Firas alimpenda Huwaida, binti wa Aflah, na Huwaida hakuwa na neno. Wanawake walishamaliza kazi yao. Kaltham alizungumza kwa simu na Ghada, mamake Huwaida, wakaulizana la huku na la kule, na mwisho Ghada akasema kwamba mlango uko wazi, ila wanaume wenyewe lazima waje wabishe hodi. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kuna watu wa Maskati wameomba kuja Ijumaa, na jambo lao linanuka posa. Hapo Kaltham alishika kichwa. Mtu haposi juu ya posa ya nduguye; hao wakitangulia kusema, Firas atabaki kando angoje majibu ya watu wengine.

Bahati Aflah alikuwa amewaalika rafiki zake wawili Sur, siku ya Jumatano, waende kuvua nguru kama zamani. Kaltham akaona mlango huo.

"Nitamwambia Marzouq akusemee," alisema.

"La," alisema Thuwaini. "Safari hii n'tasema mwenyewe."

Alilisema kwa sauti kubwa hata paka akainua kichwa. Kaltham alimtazama kwa muda mrefu. Ndani ya kifua cha mumewe kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: aliona haya kwamba mke aliye naye alipewa kwa ulimi wa mtu mwengine, na hakutaka mkwe wake apatikane vivyo hivyo. Mara moja tu katika umri wake alitaka kuomba kitu kwa kinywa chake.

"Haya," alisema Kaltham mwisho. "Basi nisikilize, Baba Firas. Ukitiliwa kahawa usinywe. Iweke finjani chini mbele yako. Aflah mtu wa desturi, ataelewa. Atakuuliza una haja gani, atakwambia *abshir*, na hapo ndo useme. Huna haja ya kuanza weye."

Lilikuwa shauri zuri. Huku mgeni mwenye jambo zito hanywi kahawa ya mwenyeji wake mpaka akubaliwe, na mwenyeji mwenye heshima yake haivumilii finjani kupoa mbele ya mgeni. Husema *abshir*, yaani pokea habari njema, haja yako imekubaliwa, kunywa. Thuwaini alitikisa kichwa kwamba amefahamu. Kaltham akasema insha'Allah, ile insha'Allah ya mwanamke ambaye anakwenda kufikiri njia nyengine.

Alitoka Nizwa baada ya sala ya alfajiri, peke yake garini, akifanya mazoezi. "Aflah, ndugu yangu, nimekuja kwako na haja." Mara ya kwanza sauti ilikwaruza. Alipofika Sinaw maneno yalikuwa yanateleza, na barabara iliyobaki aliyasema na kuyarudia, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiarabu, mara kwa kuchanganya, mpaka akajipenda. Laiti Aflah angekuwa amesimama njia panda ya Ibra, mambo yangekwisha pale pale.

Aliyesimama Ibra alikuwa Marzouq, na hakuwa amesimama. Alikuwa bado ndani, anakunywa chai. Thuwaini alipiga honi, akangoja, akapiga tena. Jua lilishatoka juu ya mitende ndipo Marzouq alipotokeza na tumbo lake, manukato yake, kasha la barafu, mto wa kulalia na simu mbili.

"Nguru anauma asubuhi mapema," alisema Thuwaini.

"Nguru hana saa, yakhe. Haraka haraka haina baraka." Marzouq akajitupa kitini. "Haya, nambie. Habari za Nizwa? Kaltham hajambo? Firas je? Unalo la kusema leo?"

"Sina."

"Taba'an, utakuwa nalo wapi," alisema Marzouq, na tangu hapo akasema yeye. Alisema juu ya goti lake, juu ya ndugu zake wa Tanga, juu ya bei ya mbuzi, juu ya mjukuu wake anayejibu Kiswahili kwa Kiingereza. Thuwaini alishika usukani na kuhisi yale maneno yake mazuri yakichuruzika moja moja. Alipojaribu kuyakumbuka, alikuta badala yake goti la Marzouq.

Walipofika Bidiya, Marzouq akanyoosha kidole. "Kata hapo."

"Kwa nini?"

"Kwa Turki, mkwe wangu. Akisikia nimepita Bidiya sikuingia, mwaka mzima hatasema na mie."

Turki alikuwa na kambi ya watalii ukingoni mwa mchanga, na hakuwa mtu wa salamu fupi. Ilikuja kahawa, ikaja tende, ikaja halwa, yakaja matunda yaliyokatwa vipande vizuri, ikaja kahawa tena. Marzouq akatoka nje na simu sikioni, akatembea mchangani, akicheka na kusikiliza na kutikisa kichwa. Thuwaini aliachwa na Turki, kila mmoja akimtabasamia mwenzake. Mara tatu alitazama saa na mara tatu Turki akadhani anatafuta tende. Roho ilimchoma Thuwaini, lakini alikula zote alizopewa, maana kukataa nako ni kusema.

Aflah walimkuta Aija, upande wa pili wa hori la Sur, ameketi juu ya ubavu wa boti yake ya faiba, kilemba kimefungwa vizuri na uso hauna lawama. Hilo lilimchoma Thuwaini zaidi. Wavuvi wengine walishaanza kurudi, na katika boti moja nguru walikuwa wamelazwa safu moja, wanang'aa. Aflah alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, ambaye hajapata kumkatiza mtu akisema. Kwa Thuwaini hiyo ilikuwa sifa ya hatari, kwa sababu mtu wa namna hiyo hungoja.

"Mumekuja, alhamdulillahi," alisema. "Nguru wenyewe wameshaamka kule chini, lakini tutajaribu."

Wakatoka. Aflah aliendesha mwenyewe, mishipi ikikokotwa nyuma ya boti na vijisamaki vya bandia kwenye ndoana. Pwani ikawa ndogo, majengo ya kiwanda cha gesi yakabaki kwa mbali na moshi wake, na bahari ilikuwa na mawimbi manene yasiyovunjika, yanayoinua boti polepole na kuishusha polepole zaidi. Hakuna kilichouma. Waligeuka, wakapita tena, hakuna kilichouma. Boti ya jirani ikavuta nguru mbele ya macho yao, ikavuta mwengine, na watu wake wakapunga mikono kwa furaha isiyokuwa na adabu. Marzouq alihadithia habari ya papa aliyemwona Pemba akiwa mtoto. Thuwaini alijua kwamba alitoka Pemba na umri wa miaka minne, na kwamba papa huyo safari iliyopita alikuwa chewa.

Thuwaini akasogea taratibu mpaka karibu na usukani. Alishalikumbuka neno la kwanza, na aliona likitoka, la pili litalifuata. Akakohoa.

"Aflah," alisema, "mie..."

Fimbo ya mshipi wa Marzouq ikapinda. Mshipi ulilia ukikimbia, Marzouq akapiga ukelele, Aflah akapunguza mwendo, na kwa muda mrefu boti nzima ilikuwa ni Marzouq tu: Marzouq akivuta, Marzouq akitukana, Marzouq akimwomba Mungu, Marzouq akitaka apigwe picha kabla samaki hajatoka majini. Alikuwa nguru wa haja, urefu wa mkono wa mtu mzima na zaidi. Alipokwisha kulala ndani ya kasha la barafu, Aflah alimgeukia Thuwaini.

"Ulikuwa unasema."

"Nilikuwa nasema," alisema Thuwaini, na akaona wote wawili wanamtazama. "Nilikuwa nasema pengine tungegeukia kule."

Wakageukia kule. Kule hakukuwa na kitu.

Jua lilipopanda, Marzouq akapiga miayo mirefu na kutangaza kwamba usingizi umemshika. Akachukua mto wake, akajilaza mbele kabisa ya boti, akajifunika kilemba usoni. "Asiniamshe mtu," alisema, "hata akiuma nyangumi." Aflah akazima mashine wapate kupumzika kidogo. Kimya kikashuka, kimya kizuri, alichokuwa akikitafuta Thuwaini tangu Ibra. Walikuwa wawili, hana wa kumkatiza. Mwenyezi Mungu asingeweza kumtengenezea nafasi zaidi ya ile.

Lakini boti isiyokwenda hucheza. Ilikwenda ubavu huu, ikarudi ubavu ule, na harufu ya petroli ikapanda kutoka kwenye tangi. Zile tende za Turki zikaanza kujitambulisha tumboni moja moja. Aflah alitoa chupa ya kahawa, akatoa finjani, akamtilia mgeni wake kwa mkono wa kulia kama inavyopasa. Mvuke wa iliki ulimpiga Thuwaini puani na mate yakamjaa kinywani. Aliipokea finjani kwa adabu, akaiona haitapita, na akaiweka chini kando ya mguu wake. Akaziba mdomo kwa kitambaa.

Aflah aliitazama ile finjani. Akaiweka chupa. Akarekebisha kilemba chake, akaketi sawa, mikono juu ya mapaja, na uso wake ukawa uso wa baba mwenye nyumba.

"Thuwaini," alisema taratibu. "Una haja?"

"Tumbo," alisema Thuwaini. "Bahari imenilevya."

Neno lilishatoka ndipo alipofahamu. Aliitazama finjani na kumtazama Aflah, ambaye alikuwa tayari amenyanyuka kumtafutia limau. Kule mbele, Marzouq aliyekuwa amelala aliguna chini ya kilemba, mguno wa mtu aliyekanyagwa kidole. Thuwaini alitaka kusema, ngoja, rudi, keti tena kama ulivyokuwa umeketi. Badala yake aliinamia ubavuni mwa boti na kuwapa samaki tende zote za Bidiya.

Yaliyobaki ya safari hayana haja ya kusimuliwa, isipokuwa kwamba Aflah alipata nguru wawili na Thuwaini alipata bunju. Alimvuta kwa jasho, akidhani Mungu amemhurumia, na juu kikatoka kile kisamaki chenye sumu, kikajijaza upepo kikawa mpira na kumkodolea macho. Bunju hata paka hamli. Thuwaini alimtoa ndoana, akamrudisha majini, na akajichukia bila kiasi. Alikuwa amepewa kila kitu: rafiki, nafasi, kimya, hata swali lenyewe aliulizwa. Kilichotakiwa kwake kilikuwa ni kujibu. Firas alimwambia jana usiku, "Baba, nakutegemea," na yeye alijibu kwa kumpiga bega.

Walipofika pwani Marzouq alikwenda kando na simu, akasema kwa sauti ya chini. Hilo peke yake lilistahili kumshangaza mtu yeyote anayemjua, kwa sababu Marzouq hana sauti ya chini. Lakini Thuwaini alikuwa na hasira nyingi na nafsi yake hata hakushangaa.

Nyumbani kwa Aflah walikoga, wakasali, wakaketi barazani kwa wageni. Nguru wa Marzouq aliletwa ameokwa, na Ghada akaleta mchuzi wa nazi uliowanyamazisha kwa dakika chache hata Marzouq. Kabla ya vyombo kuondolewa, Huwaida aliingia kuwaamkia. Alikuwa mfamasia, mrefu kama babake, amevaa shela ya kijani, na Kiswahili chake kilikuwa cha watoto waliokizoea jikoni kwa bibi zao.

"Shikamoo, ammi Thuwaini."

"Marahaba."

"Samaki mumepata mingi?"

"Kiasi."

Huwaida alisimama kidogo. Ilikuwa dhahiri anangoja, si mengi, pengine habari za Nizwa tu, pengine jina la mtu mmoja. Thuwaini alimtazama, akampenda, akaona kwamba nyumba yake ingejaa mtoto huyu akiingia, na hakuna hata neno moja kati ya hayo lililofika mdomoni. Huwaida akatabasamu kwa heshima na kutoka. 

Basi ikaja kahawa.

Aflah mwenyewe alishika dele. Thuwaini ndiye aliyetoka mbali, akatiliwa yeye kwanza. Tumbo lilishatulia, boti ilishafungwa, Marzouq alikuwa na halwa mkononi. Alijiambia: sasa. Iweke chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa hakutakiwa hata kuinama, ilitosha mkono ushuke shibiri moja. Akaishika finjani kwa vidole vitatu na kuanza kuishusha. Kwanza, alifikiri, nilikumbuke lile neno la mwanzo. Aflah, ndugu yangu. Au ndugu yangu, Aflah. Mkono ukasimama hapo kati ukisubiri shauri.

Marzouq alitiliwa wa pili. Alimtazama Thuwaini, akangoja, akaendelea kungoja. Kisha akaiweka finjani yake juu ya zulia mbele yake, imejaa.

Aflah akalirudisha dele mahali pake na kuketi sawa. "Abshir, Marzouq. Kunywa kahawa yako. Una haja gani?"

Thuwaini aliuona moyo wake ukianguka. Marzouq ana mtoto wa kiume, ana wapwa kadhaa, na akili ya mtu mwenye hofu hukimbia haraka. Alifikiri: anamposea mtu wake Huwaida mbele ya macho yangu. Nimekula naye, nimelala naye chumba kimoja, nimengoja chai yake asubuhi nzima, na anamposea mtu wake mbele ya macho yangu.

"Bismillahi," alisema Marzouq, na sauti yake ikawa ile ya harusini. "Ndugu yetu Aflah. Tumekuja kwako mie na Thuwaini, na kilichotuleta si nguru, nguru wako sokoni. Tumekuja kumuomba binti yetu Huwaida, kwa sunna ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, awe mke wa Firas mwana wa Thuwaini. Wewe unamjua baba, na mama unamjua, na kijana umemlea mikononi mwako. Hatuna la kuzidisha."

Yalikuwa maneno mazuri. Yalikuwa, karibu neno kwa neno, yale yale aliyoyasema kwa babake Kaltham.

Aflah alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Mimi kwa upande wangu nimekubali, na niko radhi. Mwenyewe ataulizwa, kama ilivyo sharia. Lakini sidhani kama tutangoja sana, maana mlango ule una masikio tangu mlipoingia." Nyuma ya mlango kulisikika kicheko kilichozibwa. Marzouq akainywa kahawa yake mara moja, akaitikisa finjani kuonyesha imetosha, na kumgeukia rafiki yake kama mtu anayengoja shukrani.

"Nani kakutuma?" aliuliza Thuwaini.

"Mkeo. Kaniambia nikuwache useme mwenyewe, nikupe kila nafasi. Na wallahi nimekupa, yakhe. Nimelala juani kwa ajili yako. Lakini kaniambia ikifika kahawa ya baada ya chakula na hujasema, niseme mie."

 Thuwaini alipaswa kufurahi, na furaha ilikuwepo. Mwanawe amepata, watu wa Maskati wamechelewa, hakuna kilichopotea. Lakini ilikuwa furaha ya kuletewa chakula kitandani kama mgonjwa. Hasira yake haikuwa juu ya Marzouq wala Kaltham. Wote wawili walimpenda na wote wawili walimjua, na huko kujulikana ndiko kulikomuuma. Aliona harusi ya Firas tangu sasa, Marzouq katikati ya watu, na kisa kimekuwa viwili.

Finjani ilikuwa bado mkononi mwake. Hakuwa ameinywa, wala hakuwa ameiweka.

Akaiweka.

Ilitoa mlio mdogo juu ya sinia ya halwa mbele yake. Aflah aliutazama mkono, kisha akautazama uso. Marzouq aliacha kutafuna.

"Thuwaini," alisema Aflah, "haja yako si ndo hiyo imeshapita?"

"Hiyo ya Marzouq."

"Na yako?"

"Yangu..." Jasho lilimtoka, na miguu yake ikamwita aitazame. Hakuitazama. "Yangu nataka maneno yake yarudi. Uwe hujaombwa kitu. Nikuombe mie."

Marzouq akafungua mdomo. Aflah akainua kidole kimoja na mdomo ukafungwa, jambo ambalo katika urafiki wao wote halijapata kutokea. Kisha Aflah, bila kucheka, akaichukua finjani tupu ya Marzouq, akaitia kahawa kiasi kile kile cha mwanzo, na kuirudisha juu ya zulia mbele ya mwenyewe.

"Marzouq hajanywa," alisema. "Wala hajasema kitu." Akamgeukia Thuwaini, mikono juu ya mapaja, kama alivyoketi kule botini. "Abshir, ndugu yangu. Una haja gani?"

Maneno ya barabarani yalishapotea yote. Thuwaini aliyatafuta, hakuyakuta, akachukua yaliyokuwepo.

"Firas anamtaka Huwaida," alisema. "Na mie namtaka, na mama yake anamtaka. Nisikufiche, mwanangu mzito kuamka asubuhi. Na maneno yake machache, hayo kayapata kwangu. Lakini hajapata kumuumiza mtu kwa kusudi. Nimekaa naye miaka ishirini na saba sijamuona. Nakuomba umpe. Na akija kwetu mtoto wako... mie sisemi sana, Aflah, unanijua. Lakini atakaa kwangu kama macho yangu."

Hayakuwa maneno ya harusini. Hayakuwa na bismillahi mwanzo wala mwisho, na aliyapanga vibaya. Lakini nyuma ya mlango safari hii hakuna aliyecheka.

"Nimempa," alisema Aflah. "Kunywa, inapoa."

Ilishapoa. Thuwaini aliinywa, chungu na baridi, mpaka mashapo. 

Hapo simu ya Marzouq ikaanza kutikisika juu ya zulia. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Mama Firas. Marzouq alinyoosha mkono, lakini Thuwaini, ambaye siku nzima alichelewa kila kitu, aliwahi.

"Haya shemegi, nambie upesi," ilisema sauti ya Kaltham. "Kasema, au imebidi useme weye?"

Thuwaini alimtazama Marzouq. Marzouq aliitazama kahawa yake iliyojaa, ambayo hajainywa, akajaza halwa mdomoni.

"Kasema," alijibu Thuwaini.

"Baba Firas?"

"Ndiye."

Alisubiri. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Kaltham ndiye aliyekosa la kusema, na Thuwaini hakumsaidia.